Pamoja na Kioo

Miaka arobaini na moja tulimsomea hitima,
kila Shaabani, nyumbani kwetu Isevya:
pilau, kuku wawili, walimu sita wa madrasa,
na yeye juu ya ukuta, tai shingoni, kimya,
akitutazama tunavyogombania firigisi.

Baba.

Nyamizi alisema pua yake imetoka pale.
Mihayo alichana nywele upande wa kushoto
kama yeye, hata zilipobaki saba.
Mimi Kalunde nilirithi kile kimya chake,
nikaenda nacho kwenye ndoa,
nikarudi nacho.

Mwaka huu mchwa wakapanda ukutani.
Fremu ikaanguka kifudifudi, ikapasuka mgongo,
na nyuma ya baba tukakuta muhuri:

STUDIO MWANGAZA, UJIJI. SAMPULI.
SHILINGI KUMI NA MBILI, PAMOJA NA KIOO.

Mama alikuwa uani anamenya karanga.
Hakuinua uso.
"Ukuta ulikuwa mtupu," akasema,
"na nyinyi mlikuwa mnauliza sana."

Na baba mwenyewe, wa kweli?

"Huyo hakupigwa picha."
Kisha akaomba chumvi.

Tukapanda treni ya Kigoma, daraja la tatu,
mayatima watatu wenye mvi,
marehemu kafungwa ndani ya khanga
juu ya mapaja ya Nyamizi.
Urambo, mkaguzi akauliza mzigo ule ni nini.
"Baba," Mihayo akajibu.
"Ana tiketi?"

Usiku kucha tulibishana.
Mihayo alimtaka yule bwana shamba wa tumbaku
aliyekuwa akituletea sukari nusu kilo.
Nyamizi, nesi mstaafu, alitaka daktari,
hata akiwa wa mifugo.
Mimi ningemkubali yeyote mwenye miguu mirefu,
angalau nijue hii yangu nimeazima kwa nani.
Tulipovuka Malagarasi, Nyamizi alikuwa ameshaandika
maswali kumi na tisa kwenye daftari la mjukuu wake.
La kwanza: Ulikuwa wapi?
La kumi na tisa: Una sukari?

Studio Mwangaza siku hizi wanauza maziwa ya mtindi.
Kinyozi wa jirani akaitazama picha,
akaigeuzia kwenye mwanga, akacheka.
"Huyu si Mzee Songoro? Nimemnyoa juzi."

Mihayo akakaa chini, palepale, kwenye nywele za watu.

Tulimkuta nyuma ya soko, katikati ya madumu ya mawese,
jino moja, kofia ya kufuma,
na pua ileile. Nyamizi akaishika yake.

Tabora? Hakuwahi kuvuka Malagarasi.
Aliapa kwa msahafu, kwa magoti yake,
na kwa marehemu mkewe aliyekuwa na wivu.
Tai ilikuwa ya studio. Koti la studio.
"Chini nilivaa msuli," akasema.
"Mnadhani kwa nini picha imeishia kifuani?"

Tukamwambia habari za hitima.
Zote arobaini na moja.
Akahesabu vidole vyake vikaisha,
akaomba vya Mihayo, vikaisha, akaomba vyangu.

"Ndiyo maana!" akapiga paja.
"Rika langu lote limelala makaburini.
Pale Maweni daktari kanikatia tamaa mara mbili,
na mara mbili nikarudi kuuza mawese.
Nilikuwa najiuliza: nani huyu ananiombea?"

Akatupa dumu la lita tano, akakataa hela.
Akatushikia mikono, mmoja mmoja, kama anapima uzito.
"Msiache," akasema. "Ila Shaabani hii
ongezeni kuku mmoja."

Nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka njiani,
sikujua kimeingia wapi, nikajifuta kwa khanga ya marehemu.

Nyamizi akafungua daftari.
Akaruka kumi na nane.
"Mzee, una sukari?"
"Kidogo."

Akalamba ncha ya penseli, akaandika taratibu
kwa mwandiko wake wa wodini:
Sukari, kidogo. Ya ukoo.