Daftari la Sekwao

Salfa ya mizabibu imepanda tena.
"Dola," anasema Sekwao,
kama anayemtaja shemeji yake mlevi.

Hapa Hombolo deni lina mwenyewe:
*Mama Ndahani, sukari nusu, tarehe tisa,*
kwa penseli, na dole gumba langu pembeni.

Redio inasema kila kichwa nchini kinadaiwa.
Hata huyu wa Ndahani, ambaye jino hana.
Alikopa lini?
Alitafuna nini?

Na dole gumba ni la nani?
Wa wizarani anamtaja aliyemtangulia,
aliyemtangulia anataja vita vya mbali.

Nami nachukua khanga,
ile ya kampeni, ya bure,
naigeuza maandishi yasisomeke,
nambeba mdaiwa mgongoni.