Paa wa Nta

Bi Kazija wa Muyuni kafika dukani Mkunazini
na kitu kizito penye pindo la khanga.
Fundo kalifungua kwa meno,
kakitua juu ya kioo: tap.
Sarafu. Upana wake kisahani cha kahawa.
Dhahabu tupu, si ya kuchovya.

Nikaigeuza. Upande mmoja paa nunga
kasimama juu ya mawe, shingo kaizungusha nyuma
kama aliyesikia mbwa.
Aliyemchora ni fundi: hata ule mkanda mweupe wa pajani hakuusahau.
Upande wa pili HIFADHI, na mwaka,
na bei: shilingi elfu mbili.
Nikacheka. Elfu mbili leo ni bakuli la urojo,
tena bila ya mishkaki.
Nikaiweka mizanini.
Mizani haikucheka.

"Ya baba," kasema. "Marehemu Vuai.
Mwanzo alikuwa mtegaji, tukimjua kwa harufu ya nyavu.
Halafu wakamtia ulinzi wa msitu,
maana ajuaye pa kutega ndiye ajuaye pa kulinda.
Siku ya kustaafu wakampa hii, na picha, na soda.
Miaka ishirini na moja chini ya godoro.
Usiku akiitoa, akiipangusa kwa kanzu,
akimuuliza: wenzako wangapi nimewala?"

Kisha: "Raya anaolewa mfungo mosi.
Anataka bangili sita. Iyayushe."

Mimi sonara. Baba yangu aliyayusha mikufu ya wenye njaa
na mkono haukumtetema.
Nikawasha moto. Nikauelekeza.
Nikauzima.

Nikatoa kipande cha nta,
nikaugandamizia uso wa sarafu
taratibu, kama muhuri wa barua.
Bi Kazija hakuuliza.

Nikawasha tena.
Masikio yalitangulia. Kisha miguu yote minne
ikalegea pamoja, kama anayepiga magoti kunywa maji,
kisha hapana paa tena, pana jicho jekundu la kalibu
linanitazama.

Bangili sita, na chenga kaondoka nazo kwenye karatasi.
Kazigonga sikioni. "Zinalia vizuri."

Paa yumo katika mtoto wa meza.
Si paa hasa: ni shimo lenye umbo la paa,
na shingo sasa imegeukia upande mwengine.
Umeme ukikatika, feni ikasimama,
navuta mtoto wa meza,
namshika kwa kucha, nisimpe joto la kidole,
nione kama pembe bado anazo.