Mstari wa Dhahabu

Tuliitoa ghalani kwa mjomba Shimode,
nyuma ya magunia ya chai,
tairi zimelala chini kama ngozi iliyoanikwa,
panya wamezaa ndani ya chujio la hewa.
Hayatori, silinda moja, mapigo mawili,
ya mwaka ule ule kiwanda kilipokata roho.

Baada ya vita, Hamamatsu
kila uchochoro ulikuwa na fundi wake,
na kila fundi jina lake la kubandika kwenye tangi.
Iwasa Toyosaku alikuwa mchonga mbao za mitambo ya kufumia.
Akaokota injini za jenereta za jeshi,
akazifunga kwenye baiskeli,
akazinywesha mafuta ya mizizi ya misonobari.
Zilinuka. Zilikohoa. Zilikwenda.
Watu wakapanga foleni.

Miaka kumi na miwili. Wafanyakazi sabini, kisha mia mbili,
kisha tisini.
Viwanda vikubwa vikashusha bei, benki ikapandisha mabega.
Mwezi wa mwisho mishahara haikuwapo:
Iwasa alisimama uani, kofia mkononi,
akampa kila mtu pikipiki moja, akainama,
akakaa vile vile ameinama
mpaka wenye haya wakatazama pembeni.

Mama aliisukuma hii kilomita tisa.
Hakujua kuendesha. Na petroli angeitoa wapi?

Yeye ndiye aliyechora mistari ya dhahabu,
kwa brashi ya manyoya ya kicheche, bila rula,
pumzi ameibana kama mpiga mbizi,
matangi arobaini kwa siku.
Nimelipangusa hili kwa mafuta ya taa na fulana kuukuu.
Kulia, mstari umenyooka twaa.
Kushoto, pale goti la mwendeshaji linapogusa,
unayumba, unapanda kidogo, unarudi njiani.

Nagura, fundi rangi, alisema ataunyoosha kwa yeni elfu nane.
Nikampelekea mama tangi lenyewe, kule anakotunzwa.
Macho yamefifia; akaufuata mstari kwa ukucha,
akafika pale, akacheka mpaka akapaliwa.
"Hapo ni wewe. Miezi saba tumboni.
Ulinipiga kiki."

Nikamwambia Nagura aache.

Leo asubuhi: plagi mpya, kabureta nimeiosha mara mbili.
Nimekanyaga mara moja, mara sita, mara kumi na tisa.
Haijawaka.
Nimeketi kando yake na kikombe cha chai ya mjomba,
goti linauma,
nasubiri ipoe,
au nipoe mimi.