Jumatano, Saa Tano Kasorobo

Tunalitoa puto bandani, mimi na Kerubo,
tumelishika kama bibi harusi aliyebadili nia.
Haidrojeni haina subira.
Ng'ambo ya ua Barabara ya Ngong inapiga honi,
mchoma mahindi anapepea makaa,
na moshi wake umeshatutangulia kupanda.

Achia.

Kisanduku hakizidi mikate miwili.
Ndani mna pampu na vikombe vya maji ya dawa
vinavyoonja ozoni kama mpishi aonjavyo chumvi.
Nakaa mbele ya kioo, nasoma:
nyuzi kumi na nane. Sita. Sufuri.
Limeshavuka mawingu ambayo wasafiri wa Wilson
huyaona wakasema, tumefika juu.
Hasi thelathini. Hasi sitini.
Kilomita ya kumi na saba, hasi themanini na moja.
Hapo ndipo darini.
Mvua karibu zote zilizowahi kushuka Mathare
zikabeba magodoro na sare za shule
zilipikwa chini ya dari hiyo.

Halafu (hapa Kerubo huacha chai yake ipoe)
joto linaanza kurudi,
maana ozoni inalimeza jua kabla halijatufikia.
Na pepo za huko zina zamu:
mwaka na ushee zavuma kutoka mashariki,
mwaka na ushee kutoka magharibi,
mabawabu wawili wa geti moja
wanaopokezana bila kusalimiana.
Hakuna shati hata moja kwenye kamba za Kawangware
lililowahi kutikiswa nazo.

Miaka kumi na tisa nimejaza daftari.
Huku kwetu tarakimu zinapanda.
Huko juu zinashuka.
Mhandisi alinichorea mishale ubaoni,
hewa ya ukaa huku, joto kule,
nikaitikia kwa adabu, sikuelewa kitu.

Nilielewa usiku mmoja wa Julai
Mumbua wangu aliposhikwa na homa,
baridi ile ya Nairobi inayoingia hadi kwenye vijiko.
Nikamfunika blanketi. La pili. La tatu.
Nikaweka kiganja juu ya la mwisho: baridi.
Nikakipenyeza chini yake: tanuri.
Nikabaki hivyo, mkono juu, mkono chini,
daftari langu zima likinisomeka gizani.

Mtoto nilimfunua, nikampangusa kwa kitambaa.
Asubuhi akaomba uji.
Hili jingine sijui nani atalifunua,
wala kwa mkono gani.

Saa sita unusu, kilomita thelathini na tatu.
Puto sasa limeipita nyumba yangu kwa ukubwa,
na kwa wembamba limeushinda utando wa kitunguu.
Linapasuka.
Kwetu ni mstari tu uliokatika kwenye kioo.
Kwao, hewa haitoshi hata kubeba kishindo.
Kerubo anaandika saa, anafunga kalamu,
anauliza kama kumebaki chapati.

Alasiri simu inalia. Mama mmoja wa Kiserian,
anaitwa Naisiae, namba ameiona ubavuni mwa kisanduku.
Kimeangukia zizini.
"Ni cha nani? Mbuzi wanatafuna uzi."
Ni chetu, mama. Hakina madhara.
"Kimetoka wapi?"
Juu.
"Juu ya vilima vya Ngong?"
Zaidi kidogo.
Ananyamaza. Nasikia kengele ya mbuzi,
nasikia upepo ukikwaruza simu yake,
upepo wa chini, wa vumbi, ninaoujua.
"Na huko kukoje?"
Kunapoa, namwambia. Miaka yote hii kunapoa.
"Afadhali wao," anasema.
"Huku hata kisima kimetushinda."

Nageuza simu sikio la pili.
Mama Naisiae, namwambia, una dakika?
Umewahi kumfunika mtoto mwenye homa?