Skrubu Nane

Vaa glavu, Bwana Hribar. Hizo za ngozi, si hizo za daktari.
Viatu vyako ni vizuri mno kwa sakafu hii,
lakini sheria mpya haikuuliza viatu.
Ilisema tu: uliyeuza, pokea.
Basi pokea.

Mvua ya Novemba hapa Celje haina adabu.
Tangu alfajiri lori limeshusha mashine za kufulia mia na kumi,
zimepangwa uani kama watu kwenye foleni ya posta,
milango wazi, midomo ya duara,
kila moja na tone la maji ya mwisho ya nguo za mtu.

Mimi ni Zdenka. Miaka kumi na tisa nafungua mnachofunga.
Zamani tulilipwa na manispaa, yaani na kila mtu,
yaani na Bibi Terezija wa ghorofa ya tatu
anayefua kwenye beseni mpaka leo:
alizika mashine zenu kwa pesa ya pensheni yake
na hajawahi kumiliki hata moja.
Sasa bili imejua njia ya ofisini kwenu,
na nasikia wahasibu wanalala mang'amung'amu.

Anza na hii kuukuu. Ina umri wa mwanangu wa kwanza.
Skrubu nane. Zihesabu.
Mgongo unatoka kama mtu anayevua koti akifika kwake.
Hili zege la kuituliza. Hii mota,
shaba imejikunja ndani, njano, kama kiini cha yai.
Na hapa chini, tazama, sarafu ya tola,
pesa iliyokufa kabla ya mashine.
Dakika nne. Kahawa yangu bado ina moshi.

Sasa hii yako.
Ndiyo, yako; jina lako limo kwenye mchoro,
waliuleta pamoja na barua ya kukuleta wewe.
Tafuta skrubu.
Tafuta tena.

Tumbo umelifunga kwa gundi,
nusu mbili za plastiki zimeng'ang'aniana
kama midomo ya shahidi aliyehongwa.
Beringi iliyo ndani, kitu cha bei ya mikate miwili,
ikifa, inazikwa pamoja na ukoo wake mzima.

Shika patasi. Nyundo hii.
Si hivyo, utajivunja kidole. Hivi.

Dakika kumi.
Ishirini na tano.
Unasema gundi iliokoa senti arobaini kwa kila mashine.
Siwezi kuzidharau senti arobaini, nimezihesabu maisha yangu yote.
Nauliza tu zilikwenda wapi,
maana hapa hazikufika.
Hapa kilichofika ni vumbi lililomkaa Jože kifuani,
usiku kinapiga mluzi, mkewe amehamia chumba cha watoto.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Lala kidogo, Bwana Hribar. Ni mpaka Ijumaa tu.

Ahaa. Imeachia.
Kuna nini humo? Vifungo viwili, waya wa sidiria,
soksi ya mtoto, ndogo kama kidole gumba changu.
Mbona umeishika muda wote huo?
Haya, sikuulizi. Iweke pale dirishani na nyingine.

*

Ijumaa aliondoka na gundi kwenye kucha.
Aliniomba zile skrubu nane za mashine kuukuu,
akazifunga kwenye leso, akazitia mfuko wa koti.
Anasema Jumatatu atazimwaga juu ya meza ya mkutano,
mbele ya wakubwa, zilie zenyewe.

Huenda. Sijui.
Meza za mikutano nazijua, huletwa hapa nazo
zikishachoka.
Zimebandikwa kwa gundi.