Jalada la Leubeni

Miaka mitatu tulimtafuta kwenye R.
Reubeni Mkandawire, mzaliwa wa Rumphi,
aliyevuka Songwe kwa miguu akifuata dhahabu ya Lupa,
akakuta mawe, na bibi yangu.

Hayupo, walisema. Hayupo Chunya,
hayupo Tukuyu,
hayupo Mbeya, dirisha la pili, mwezi wa saba,
pumzi zetu zikifuka kama mabani ya tumbaku.

Leo Bi Atuganile wa masjala
kafunga chupa yake ya chai, kaniuliza
kama shangazi, si kama karani:
"Babu yako alisemaje, habari au habali?"

Nikacheka. Kisha nikanyamaza.
Habali. Maisha yake yote, habali.
"Fungueni ledio, tusikie taalifa."

Akaburuta ngazi mpaka L.
Vumbi, mavi ya panya, kamba ya katani:
LEUBENI MKANDAWILE.
Karani wa mwaka sitini na saba
aliandika alichopewa na sikio.

Maombi ya uraia kwa tajinisi.
Kazi: fundi pampu mgodini, sasa karanga.
Mke: Tusajigwe, mwenyeji.
Mali: cherehani; baiskeli (haina mnyororo).
Kiswahili: anakijua, ila hana R.
Sababu ya kuomba:
hapo wino umekatwa mara mbili,
halafu, kwa mkono wake mwenyewe,
*nimezika hapa watoto wawili.*

Nyuma kabisa, bahasha.
Hati yenyewe, muhuri bado mwekundu.
Dar walikuwa wamemsahihisha: REUBENI.
Na posta ya Makongolosi
hakuna aliyemjua mtu wa jina hilo.
*Irudishwe. Mhusika hajulikani.*

Miaka ishirini na saba,
kila Landrova ya serikali ilipopinda kwenye mfenesi,
babu alikumbuka shughuli shambani.
Tulidhani anapenda sana karanga.
Alikufa amejiinamia hivyohivyo,
mgeni nyumbani kwake,
na huku kabatini, mita mbili kutoka dirisha la pili,
alikuwa mwenyeji anayeliwa na panya.

"Uhusiano?" Bi Atuganile kauliza, kalamu tayari.
Mjukuu.
"Kuna ada haikulipwa. Shilingi kumi na tano."

Nikapekua mifuko.
Nilikuwa na noti ya elfu mbili.
Akaigeuza, akaitazama, akanirudishia.
"Sina chenji," akasema,
akavua miwani, akaifuta,
akaifuta tena.