Vibanio Mgongoni

Mimi ndiye niliyekuwa nashika taa.
Jina la kampuni usiniulize,
lilibadilishwa kila mji, kama shuka mgeni akiondoka:
Londrina tuliitwa hivi, Maringá tukaitwa vile,
na kadi tulizogawa zilikuwa bado na joto la mashine.

Chumba cha mikutano, ghorofa ya pili.
Zulia linanuka kahawa ya jana.
Ukutani shuka jeupe, mali ya hoteli,
mbele ya shuka msichana,
na msichana ndani ya gauni.

Gauni lilikuwa moja.
Wasichana arobaini na mmoja Jumamosi ile,
na gauni moja la buluu, kipimo cha mtu mzima.
Kwa hiyo nyuma nilibana vibanio,
vile vya mbao, vya kuanikia nguo:
vinne kwa huyu, saba kwa yule wa miaka kumi na miwili.
Mbele malkia, nyuma kamba ya nguo.
Kamera haina habari na mgongo.

Valdir alikuwa na sentensi moja.
"Huyu ana uso," angesema, akimtazama mama, si mtoto,
"uso kama huu nauona mara moja kwa mwaka."
Mwaka wake ulikuwa wa dakika kumi na mbili.
Kisha karatasi, kisha kalamu iliyokwisha kufunguliwa:
albamu ya picha, reali elfu moja na mia tisa,
leo tu,
kesho nafasi ni ya mwingine.
Waliolipa walitolewa kwa lifti ya jikoni
wasije wakakutana na waliokuwa wakisubiri
na kulinganisha nyuso zao za mara moja kwa mwaka.

Kulipa, kulipia, kulipishwa, kulipa tena:
kitenzi kile tulikinyambua kote,
isipokuwa kulipwa.
Kizuri chajiuza, husema watu.
Pale kizuri kilijinunua,
kwa akiba ya mama yake.

Akaja Ivonete, mpiga pasi wa kiwanda cha sare,
na binti yake Jussara.
Wazazi walipangiwa viti vya mbele. Yeye hakukaa.
Mtu aliyepiga pasi miaka kumi na tisa
nguo huianzia mgongoni.
Akazunguka. Akahesabu kwa kidole: "Sita."
Kisha, bila kupaza sauti:
"Kiwandani, anayenipa kazi hunipa na mshahara.
Wewe, baba, unampa mwanangu kazi
au unamuuzia?"

Valdir alicheka kwa meno yote.
Akasema nafasi hailali.
"Basi ina homa," mama akajibu. "Mimi nitalala kwanza.
Neno la kweli halichachi kwa usiku mmoja."
Akavibandua kimoja kimoja,
na gauni likaporomoka mabegani mwa mtoto
likawa turubai.

Usidhani Jussara alishukuru.
Alilia kwa hasira, akavaa fulana yake nyuma mbele,
na hadi lifti inafungwa nilimsikia:
hukutaka niwe mtu, mama, hukutaka.
Mama hakujibu. Vibanio vyangu sita
viliondoka katika mfuko wa sketi yake,
sijui kwa kusahau, sijui kwa makusudi.

Ningeweza kuiweka taa chini.
Nilikuwa nadai ujira wa wiki tatu
(naudai mpaka leo).
Akaingia anayefuata, Tainara, mwembamba kama ufito,
mama yake tayari ameshika bahasha.
Vibanio vimepungua. Valdir akanikonyeza.
Nikachuchumaa nyuma ya yule mtoto,
nikalikusanya gauni ngumini,
nikalishika.

Picha ile ingali imetundikwa mahali fulani Londrina,
labda juu ya friji, labda karibu na saa.
Anatabasamu vizuri sana.
Ukiiona, acha uso.
Tazama pembeni mwa kiuno, pale buluu inapokunjamana:
kuna ncha ya kidole gumba.
Ni changu.